Pikapu ya Zamani Inayozima Njiani: Anza na Namna Ilivyozima

"Fundi, gari linazima." Kauli hiyo peke yake haimsaidii fundi kitu. Anayejua kazi atauliza, "Linazimaje, mzee?" na hapo ndipo madereva wengi hukwama. Lilipozima walikuwa wanahangaika na usukani. Lilipowaka tena walimshukuru Mungu wakaendelea na safari. Gari linafika gereji likinguruma vizuri, dalili zote zimebaki njiani, na kinachofuata ni kubahatisha: leo filta, kesho koili, wiki ijayo injekta pampu nzima. Hela imekwisha na gari bado linazima.

Maelezo haya yanahusu pikapu zisizo na kompyuta ya injini, hasa Hilux: za dizeli zenye injini ya 2L au 3L, na za petroli zenye 22R ya kabureta. Mengi yatamfaa pia mwenye Nissan au Isuzu ya rika hilo, ingawa vifaa havikufungwa mahali pamoja.

Kabla ya kupiga stata tena

Usalama kwanza. Injini ikikata ukiwa mwendoni, usichomoe ufunguo, maana usukani utajifunga. Breki bado zipo, ila busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, imebakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Kanyaga mara moja, shikilia, usipampu. Usukani wa pawa utakuwa mzito, nao unahitaji mikono miwili. Toka pembeni, washa hazadi, weka pembetatu.

Halafu uzuie mkono wako usirukie ufunguo. Dakika chache baada ya injini kuzima ndizo zenye ushahidi, na ushahidi huo hauchukui muda kupotea: uchafu ulioziba bomba unaanguka chini ya tangi, koili ya cheche iliyopata moto inapoa, upepo ulioingia kwenye bomba la dizeli unasogea. Washa taa kubwa na upige honi uone kama umeme upo. Fungua kifuniko cha tangi polepole, sikio likiwa karibu. Fungua boneti, angalia waya uliochomoka, nusa. Mwenye dizeli abonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mwenye petroli atazame dirisha dogo la kabureta, nitakalolieleza mbele. Ukishayaona hayo, piga stata.

Weka kumbukumbu pia ya mazingira. Ulikuwa unapanda mlima au unateremka? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachia? Ulikuwa umetoka kupita tuta? Majibu ya maswali haya manne yana thamani kuliko spea yoyote utakayonunua kwa kukisia.

Kukata ghafla, au kufa polepole

Injini inayokata ghafla, kama mtu kaizima kwa ufunguo, bila kukohoa wala kutetemeka, mara nyingi imekosa umeme. Injini iliyokosa mafuta haifi hivyo. Kwanza nguvu inapungua, unakanyaga haiitikii, inatetemeka, inashika tena kidogo, halafu ndiyo inazima. Ukiweza kutofautisha hayo mawili umeshafuta nusu ya orodha ya watuhumiwa.

Kuna mambo mawili yanayokata injini ghafla na umeme haumo. La kwanza ni taiming belti ya 2L na 3L, inayozungusha kamshafti pamoja na injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda. Ikikatika, injini inazima papo hapo, na ukipiga stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Ukisikia wepesi huo acha mara moja, kwa sababu valvu zinaweza kuwa zinagonga pistoni. Hilux nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kila baada ya kilomita 100,000 kukumbusha belti ibadilishwe. Kwenye gari la mkononi usiiamini sana: balbu ikishatolewa haimkumbushi mtu. La pili ni joto. Geji ikiwa juu na injini ikazima kwa uzito, kama inayobanwa, usiilazimishe kuwaka. Subiri ipoe, angalia maji na oili, na ujue tatizo lako sasa ni jingine kabisa.

Umeme: gari zima limekufa, au injini tu?

Kama honi na taa navyo vimekufa, tatizo liko karibu na betri. Shika vichwa vya betri kwa mkono uvizungushe, kikicheza, umeshapata. Fuata waya wa erthi unaokwenda kwenye bodi na kwenye injini, hasa bolti yake. Kwenye gari la zamani kutu hukaa chini ya kichwa cha bolti, mahali ambapo juu panaonekana pasafi. Fungua, piga msasa, funga. Angalia pia fyuzi ya waya iliyo karibu na betri: inaweza kuwa imekatika ndani huku ganda lake la nje likionekana zima, kwa hiyo ivute taratibu uone kama inanyumbuka kama mpira.

Kama taa na honi vipo lakini injini imekata, umeme unapotea kati ya swichi ya ufunguo na injini. Swichi za magari haya huchoka, na kinachozichosha mapema ni rundo la funguo: ya nyumba, ya duka, ya kufuli la geti, zote zinaning'inia na kuivuta swichi kila gari linapopita shimo. Acha injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, gia iwe huru, utikise ufunguo juu na chini bila kuuzungusha. Ikikohoa au ikizima, fundi abadilishe sehemu ya umeme ya nyuma ya swichi. Mara nyingi hakuna haja ya kununua kitasa chote.

Lakini kabla ya kuilaumu swichi, ingiza kichwa chini ya dashibodi utafute kat-auti, alamu au traka. Huyu ndiye mtuhumiwa wangu wa kwanza kwenye pikapu iliyopita mikono mingi. Mtu alifunga swichi ya siri dhidi ya wezi miaka mingi iliyopita, akakata waya wa fabriki, akauviringisha na kuufunga kwa soteipu. Soteipu ikilegea kwa joto, waya unashika na kuachia kadiri gari linavyotikisika. Mwenye gari wa sasa hata hajui swichi hiyo ipo. Ukiikuta na huihitaji, rudisha waya ulivyokuwa, kwa kuchomelea risasi. Usiishie kwenye soteipu mpya.

Jenereta iliyokufa nayo huzima gari la petroli, ila inatoa taarifa mapema: taa ya chaji imewaka, taa kubwa zimefifia, na injini inamisi zaidi kila unapopiga indiketa. Dizeli inavumilia zaidi kwa sababu haihitaji umeme wa cheche.

Dizeli

Injini hii ikishawaka inahitaji umeme mahali pamoja tu: solenoidi, valvu ya umeme iliyo juu ya injekta pampu, inayofungua dizeli ukiwasha ufunguo na kuifunga ukizima. Waya wake mmoja umefungwa kwa nati ndogo, na nati hiyo ikilegea injini inakata ghafla kwenye tuta na kuwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Washa ufunguo bila kupiga stata, uchomoe waya kisha uuguse tena. Lazima usikie "tik". Usiposikia, pima kwa taa ya kupimia kama umeme unafika. Umeme ukifika na "tik" haipo, solenoidi imekufa. Umeme usipofika, unaweza kuvuta waya wa muda wenye fyuzi kutoka chanya ya betri hadi kwenye solenoidi na kufika nyumbani. Kumbuka tu kuwa ufunguo hautazima injini tena, utaizima kwa kuchomoa waya huo.

Sasa upepo, yaani hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli, ambao kwa pikapu hizi ndio kesi kubwa. Hilux ya 2L au 3L haina pampu ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tangi. Injekta pampu ndiyo inayovuta yenyewe, kupitia bomba refu, mipira kadhaa, pampu ya mkono na filta. Maana yake ni kwamba njia yote hiyo iko kwenye hali ya kuvutwa. Mpira ukipasuka hutaona dizeli ikidondoka chini, utaingia upepo. Ndiyo maana mtu anaweza kulala chini ya gari kwa saa nzima akitafuta unyevu wa dizeli, akainuka na kusema mabomba ni mazima.

Dalili zake: asubuhi gari linawaka, linakwenda kidogo, linazima, kisha linahitaji stata ndefu. Au linazima ukipunguza mwendo na linakosa nguvu mlimani. Pampu ya mkono inasema mengi. Ibonyeze: baada ya kubonyeza mara kadhaa inatakiwa iwe ngumu. Ikibaki laini daima, kuna upepo unaingia au tangi halina kitu. Ukiikuta imezama yenyewe huku injini ikiunguruma, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tangi. Na pampu hiyo yenyewe ina mpira ndani unaopasuka kwa uzee, kwa hiyo ni mpelelezi na mshukiwa kwa wakati mmoja.

Vipimo viwili vinamaliza ubishi. Cha kwanza, weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha kati ya filta na injekta pampu, klipu zikaze pande zote mbili. Washa injini utazame. Dizeli safi inapita kama haipo. Upepo unaonekana kama vipovu, na mara nyingine kipande kizima cha mpira hubaki kitupu. Vipovu vichache mara tu baada ya kufungua mabomba ni kawaida, ila vikiendelea baada ya dakika kadhaa una tundu.

Cha pili ndicho ninachokipenda, kwa sababu kinagawa gari vipande viwili. Chukua dumu safi la lita 5 lenye dizeli, lifunge imara mahali penye nafasi chini ya boneti, mbali na eksozi na feni. Chomoa mpira unaotoka kwenye tangi pale unapoingia kwenye filta, uzibe, na mahali pake uweke mpira unaotoka kwenye dumu. Mpira wa marejeo, unaorudisha dizeli ya ziada, nao uelekeze kwenye dumu. Endesha hapohapo mtaani. Gari likitulia kabisa, kosa liko nyuma: tangi, chujio la ndani ya tangi, bomba la chini ya chesisi au mipira yake. Likizima kama kawaida, kosa liko mbele: filta, pampu ya mkono, washa (ringi) za shaba kwenye bolti za mabomba, au injekta pampu. Jaribio hili ni la dizeli peke yake. Petroli kwenye dumu chini ya boneti ni kuchoma gari.

Ukishapata tundu na kuliziba, toa upepo: bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, piga stata. Ikigoma, legeza nati za mabomba ya nozeli mbili kwa spana namba 17, piga stata hadi dizeli itoke bila povu, kaza. Mkono usiwe mbele ya bomba lililolegezwa. Dizeli ya presha hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbilia hospitali hata kama linaonekana dogo.

Kabla ya kuondoka kwenye filta, fungua skrubu ya chini umwage kidogo kwenye chupa inayoonyesha. Maji hukaa chini ya dizeli na mstari wake unaonekana wazi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta mwaka 2010 kubana uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii maji yaliyoingia kwenye tangi la ardhini la kituo au kwenye dumu la muuzaji wa njiani. Ukikuta maji mengi, kubadilisha filta tu hakutoshi. Teremsha tangi lioshwe.

Petroli

Kabureta ya 22R ina dirisha dogo la kioo mbele ya bakuli lake la mafuta, na kwa tatizo hili ni zawadi. Injini ikiwa sailensa, mafuta yanatakiwa yaonekane katikati ya dirisha. Gari likizima njiani, fungua boneti hapohapo utazame. Dirisha tupu: petroli haifiki, nenda kwenye pampu, filta na tangi. Mafuta yako katikati: achana na petroli, tafuta cheche. Mafuta yamejaa hadi juu na kuna harufu kali: sindano ya floti haifungi, injini imezama kwa petroli. Ndiyo maana nilisema usipige stata kwanza, kwa sababu stata inaendesha pampu na kulijaza bakuli tena.

Cheche nazo zipimwe papo hapo, injini ikiwa bado na moto. Tembea na plagi moja ya akiba. Ichomeke kwenye waya wa plagi, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na harufu ya petroli, mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Nyekundu na nyembamba ni dhaifu. Isipokuwepo kabisa, shuku koili na ignaita (kifaa kinachoikatia koili mkondo ili itoe cheche) iliyofungwa pamoja nayo. Hivi viwili vina tabia moja mbaya: vikipata moto vinakufa, vikipoa vinafufuka, na ukivipima gereji asubuhi vinakuwa vizima. Kama pikapu yako ina geji ya mizunguko, itazame siku ya tukio: mshale ukianguka hadi sifuri huku gari bado linasukumwa na gia, koili imekosa mkondo.

Kuna kosa jingine linalowachanganya wengi. Ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kuna piki-apu (sensa ya mzunguko) yenye nyaya mbili nyembamba, na sahani inayoibeba husogea kila unapokanyaga au kuachia mafuta. Baada ya miaka, shaba inakatika ndani ya plastiki huku plastiki ikibaki nzima. Gari linazima unapokanyaga au unapoachia mafuta, si linapokuwa na mwendo mmoja. Toa kifuniko, vuta kila waya taratibu. Ukinyumbuka kama lastiki, shaba ya ndani imekatika. Ukibadilisha, pengo kati ya piki-apu na meno ya shafti liwe milimita 0.2 hadi 0.4.

Gari linalozima kila ukisimama kwenye taa au foleni, lakini likiwa barabara kuu halina neno, lipimwe solenoidi ya kabureta kwa "tik" ileile niliyoieleza kwenye dizeli, kisha njia ya sailensa isafishwe. Likizima unapokanyaga breki tu, na ukasikia mlio wa upepo miguuni, dayaframu ya busta imepasuka na inaingiza hewa kwenye injini. Dizeli haina shida hii kwa sura hiyo, kwa kuwa busta yake inavutwa na pampu iliyo nyuma ya jenereta.

"Nikilipumzisha linawaka"

Hii ndiyo kauli ninayoisikia kuliko zote, na ina maana zaidi ya moja, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie jibu moja.

Kama kifuniko cha tangi kilipofunguliwa kilivuta pumzi, "fyuuu", na gari likawaka mara moja, tangi halipati hewa. Kifuniko halisi kina valvu ya kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Kikipotea, watu huweka kinachoingia, au hufunga mfuko wa plastiki na mpira, na tangi linabaki limefungwa kabisa. Endesha mchana mmoja na kifuniko kilicholegezwa kidogo, tangi likiwa nusu, uone kama tatizo limeondoka.

Kama linazima mlimani, tuseme Kitonga, tangi likiwa robo, na linawaka baada ya kukaa kidogo bila kugusa kifuniko, kuna takataka kwenye chujio la ndani ya tangi. Injini ikivuta kwa nguvu zinanata, ikisimama zinaachia. Kupuliza bomba kwa kompresa kurudi kwenye tangi kunasaidia kwa siku chache tu.

Petroli iliyozima kwenye foleni mchana wa jua, dirisha likiwa tupu na pampu nzima, huenda imechemkia ndani ya bomba. Kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu na bomba lake huirudisha. Angalia kama bomba limesogea karibu na eksozi au ngao ya joto imeondolewa.

Na dizeli inayozima sailensa ikiwa na moto, ikakataa kuwaka mpaka ipoe? Zima kila kitu, funika injekta pampu kwa kitambaa chenye maji baridi kwa muda, piga stata. Ikiwaka, kichwa cha pampu kimelika na dizeli nyepesi ya moto inapenya pembeni. Usimwagie maji pampu injini ikiwa inazunguka, inaweza kukwama. Hapa, na hapa tu, ndipo injekta pampu inastahili kushushwa na kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Pampu ya mtumba ya sokoni isiyopimwa inaweza kuwa na ugonjwa uleule.

Matengenezo yakishafanyika, jaribu gari katika hali ileile iliyolizima: mlima uleule, tangi likiwa robo kama lilizimia kwenye robo, mzigo ukiwepo, jua likiwa kali. Mzunguko wa tambarare nje ya gereji haujathibitisha lolote. Kama kosa lilikuwa upepo, uache mpira unaoonyesha ubaki mahali pake kwa siku kadhaa na uutazame kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ukikuta sehemu ya juu ya mpira ni tupu, dizeli imerudi kwenye tangi usiku, na tundu jingine bado lipo.